Sharti Kwanza, Upanga Baadaye: Manga ya Safari na Hekaya za Tibet

Ndugu zangu, wadogo zangu mnaochora, na nyinyi wazazi mliokuja kuona hasa vijana wenu wanapotelea wapi kila Jumamosi: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, mambo?

Nimeombwa nizungumzie manga, zile hadithi za picha za mtindo wa Kijapani, za safari za maajabu zinazochota kwenye hekaya za Tibet. Nasema neno langu mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa. Wachoraji wengi wakienda Tibet kwa kalamu hurudi na mandhari tu. Huchukua theluji, huchukua milima, huchukua mzee mwenye kipara aliyekaa kimya juu ya zulia, halafu humo humo humpachika shujaa wao yule yule wa siku zote na upanga wake mrefu kuliko yeye mwenyewe. Hekaya zenyewe wameziacha huko huko. Na ukizisoma hekaya za Tibet kwa utulivu, utaona shujaa wake hashindi kirahisi kwa kupiga. Hupewa sharti. Akilishika, anapita, akilivunja, anarudi alikotoka. Tena mara nyingi safari yake ina gharama, na anayeilipa ni mtu mwingine kabisa ambaye hata hakuulizwa. Sharti na gharama: hivyo ndivyo vya kuchora. Theluji kila mtu anaweza.

Tibet ya mandhari tunajua ilikotoka. Mwaka 1933 Mwingereza James Hilton alibuni bonde lake la Shangri-La ambamo watu huchelewa mno kuzeeka. Tibet yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1956 kikatoka kitabu cha mtu aliyejiita Lobsang Rampa, lama, yaani mwalimu wa dini wa Kitibeti, aliyefunguliwa jicho la tatu kwenye paji la uso. Kumbe alikuwa Cyril Hoskin, mtoto wa fundi bomba wa Devon, Uingereza. Kitabu kiliuzwa kama njugu, na mpaka leo ukiona manga yenye lama anayeelea hewani na mji wa siri wenye vito vinavyong'aa, ujue huyo fundi bomba ana mjukuu mwingine. Sitawapotezea muda kwa hayo. Twende kwenye mali yenyewe.

Hadithi, hadithi? ... Ahsanteni, kumbe bado mnaitikia.

Kijana mmoja, wasimulizi wengine humwita Döndrub, alikuwa na kaka aliyepelekwa kusomea uchawi kwa ndugu saba wachawi. Wale saba walimtumikisha tu, elimu hawakumpa. Döndrub akaenda kumtembelea kaka yake, usiku akachungulia kwenye ufa wa ukuta, na kwa kuchungulia kule kule akazinasa mbinu zote. Wakatoroka. Nyumbani, kijana akajigeuza farasi mzuri akamwambia kaka yake amuuze popote, ila kwa wale saba hapana. Kaka akaenda kumuuza kwa wale saba. Kila ukoo una kaka wa namna hii. Basi zikawa mbio: farasi akawa samaki, samaki akawa njiwa, wachawi saba wakawa mwewe saba mgongoni kwake, mpaka njiwa akaingia pangoni kwa mtawa mkuu Nagarjuna na kujificha kwenye tasbihi yake, akawa punje mojawapo. Wakamfuata hata humo. Mwisho wa vurumai hiyo wote saba walikuwa wamelala chini, wamekufa.

Mchoraji wa kawaida angefunga kitabu hapo, kijana amesimama juu ya miili saba, upepo unampeperusha nywele. Hekaya ya Kitibeti ndiyo kwanza inaanza. Nagarjuna hakufurahi hata kidogo. Roho saba zimetoka mbele ya macho yake, na kijana lazima alipe. Anatumwa Silwatsal, uwanja wa kutupia maiti huko India, akamlete maiti mmoja wa ajabu mwenye mwili wa feruzi na dhahabu. Akifikishwa, watu watapata umri mrefu na neema. Anapewa shoka, mfuko, kamba, na chakula kisichoisha. Halafu sharti lenyewe: ukiwa njiani na maiti mgongoni, usitoe hata neno moja.

Kule uwanjani maiti wanamzonga kila upande, wanataka wachukuliwe wao. Anayetakiwa ni yule anayekimbia, anapanda mtini na kulia asichukuliwe. Kijana anainua shoka kana kwamba anaukata mti, na maiti anashuka mwenyewe. Anatiwa mfukoni, anafungwa kamba, safari inaanza. Hatua chache tu, sauti inatoka mgongoni: njia ni ndefu; ama unisimulie kisa, ama nikusimulie mimi. Kijana kimya. Basi maiti anasimulia, na anasimulia vizuri mno. Kisa kinapofika mahali pa kuumiza au pa kushangaza, kijana anajisahau: "Masikini!" Papo hapo mfuko unakuwa mtupu. Maiti amesharuka, amerudi mtini kwake. Kijana anageuka, anaanza upya. Kisa kingine, mshangao mwingine, mfuko mtupu mwingine.

Asili ya hekaya hii ni India, kwenye visa 25 vya mfalme na pepo wa kwenye maiti. Ila tazameni walichokifanya Watibeti. Kule India mfalme anaulizwa fumbo mwishoni mwa kila kisa, na kwa kuwa ana hekima hawezi kulinyamazia. Anajibu, pepo anaruka. Anaangushwa na akili. Kijana wa Kitibeti haulizwi chochote. Anaangushwa na huruma, na ushangao, na ule udhaifu wa kawaida wa mtu anayesikiliza hadithi nzuri. Yaani anaangushwa na hali ile ile iliyowafanya nyinyi mkeshe mkisoma sura moja zaidi.

Sisi tuliokulia visa vya Alfu Lela Ulela tumezoea mtu anayesimulia ili asife. Huku aliyekwisha kufa anasimulia ili asifike.

Sasa wewe mwenye kalamu, fikiria ulichopewa bure. Manga za magazeti ya kila wiki huishi kwa sura fupi, kila sura na ndoano yake mwishoni. Hekaya hii imeshakatwa sura zamani. Kila sura ina kisa kizima kinachojitegemea ndani yake, na kwa nje kuna swali moja tu linalobana zaidi kila mara: leo atavumilia? Msomaji anajua hatavumilia. Anachosubiri ni kuona kisa gani kitamvunja. Tena unaye shujaa asiye na kiputo cha maneno hata kimoja kwa kurasa kumi na tano. Hisia zake zote lazima zipite kwenye vidole vinavyobana kamba, kwenye shingo, kwenye jasho linaloingia jichoni asilipanguse kwa kuwa mikono imeshikilia mfuko. Viputo vyote vya sura vinatoka mgongoni mwake, vinazidi kuwa vikubwa, vinaifunika njia. Halafu unageuza ukurasa, na pale katikati pana kiputo kimoja kidogo, cha kwake. Hapo huhitaji mlipuko wala mistari ya mwendo. Msomaji ataguna mwenyewe, na akishaguna amevunja sharti pamoja na kijana.

Nikiwa bado kwa wafu: yupo rolang, maiti anayeinuka na kutembea. Hana uhusiano na zombi wenu wa sinema. Rolang hawezi kujikunja. Mwili wake umekakamaa kama gogo, hasemi, huenda moja kwa moja, na akimwekea mtu mkono kichwani naye anakuwa rolang. Kwa sababu hiyo, nyumba za sehemu nyingi za Tibet zilijengwa kwa milango mifupi na kizingiti kilichoinuka, mtu mzima aingie ameinama. Msomi Turrell Wylie aliliandika jambo hili mwaka 1964, na mimi tangu nilisome sijaweza kuutazama mlango mfupi kwa macho ya zamani. Chora fremu moja tu: ndani, familia imezunguka moto, bibi anakoroga chai ya siagi, na nyuma yake, kwenye uwazi wa mlango, inaonekana miguu ya mtu aliyesimama nje, kuanzia kifuani kwenda chini. Hainami. Fremu inayofuata, ile ile, miguu bado ipo. Hakuna ukuta uliovunjwa, hakuna damu. Kuna kanuni moja ya ujenzi, na kila msomaji sasa anahesabu nani katika nyumba ile atahitaji kutoka nje kabla ya asubuhi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni kikongwe zaidi. Kimeandikwa kwenye karatasi ndefu iliyokutwa katika pango lililozibwa la Dunhuang, mji wa oasisi ukingoni mwa jangwa, kaskazini-magharibi mwa China. Mfaransa Paul Pelliot aliinunua mwaka 1908 akaipeleka Paris, na huko iko mpaka leo. Inasimulia habari za mfalme Drigum. Wafalme wa kwanza wa Tibet, inasemekana, walishuka kutoka mbinguni na walibaki wamefungwa na kamba ya kimbingu. Siku zao zikiisha walipanda nayo juu wakayeyuka, kaburi halikuhitajika. Drigum alikuwa na kiburi. Alitafuta mtu wa kupigana naye hata kwa nguvu, na aliyekubali alikuwa Longam, mtunza farasi. Longam akatoa masharti: mfalme aache silaha zake za kimungu, akate kamba. Mfalme, kwa kiburi kile kile, akakubali. Siku ya vita mtunza farasi akaleta ng'ombe waliofungwa ncha za mikuki kwenye pembe zao na mizigo ya majivu mgongoni. Ng'ombe wakagombana, majivu yakatimka, hewa yote ikawa kijivu, na ndani ya kijivu hicho mfalme wa kwanza wa Tibet kuacha maiti akauawa. Mchoraji wa rangi nyeusi na nyeupe, hii vita umeandikiwa wewe. Vumbi la majivu kwenye karatasi nyeupe!

Lakini hiyo ni dibaji tu. Maiti wa mfalme alifungiwa kwenye chombo cha shaba akatupwa mtoni, na mto ukampeleka hadi tumboni mwa lu, mmoja wa wale roho wa majini walio nusu nyoka. Kijana Ngarlekye akaenda kumdai. Hakwenda na jeshi. Aliuliza: unataka nini? Lu akataka mtu mwenye macho ya ndege, macho yanayofumba kutokea chini kwenda juu. Kijana akazunguka pande zote nne za dunia asimpate, mpaka chakula kikamwishia na viatu vikatoboka, akarudi kwa mama yake kuchukua vingine. Mwishowe akamkuta: mtoto wa kike, mchanga kabisa, pamoja na mama yake. Akamuuliza mama anataka nini kwa mtoto huyo. Mama hakutaka dhahabu. Alitaka kiapo kwamba kuanzia hapo na kuendelea, kila mfalme akifa, watu wafanye maombolezo kwa taratibu alizozitaja, nywele zifungwe, nyuso zipakwe rangi nyekundu. Ngarlekye akaapa. Mtoto akapelekwa kwa lu. Maiti akarudi, akazikwa.

Nimewahi kuwasimulia watu kisa hiki wakaniuliza, sasa shujaa ni nani? Swali zuri. Ngarlekye ni mtiifu, ni mvumilivu, anamrudisha mfalme wake. Na anafanya hivyo kwa kumpeleka mtoto asiyemhusu kwenye tumbo la nyoka. Mama naye amemuuza mwanawe, au amehakikisha hakuna mfalme atakayekufa bila Tibet nzima kuomboleza, na ndani ya maombolezo hayo mtoto wake yumo milele? Manga nyingi za safari hukimbia swali la namna hii. Humtoa mtoto dakika ya mwisho, lu anapigwa ngumi, wote wanakula wali. Mimi nawaomba msimtoe. Chora lile jicho mara moja, karibu, kope la chini likipanda, halafu usilichore tena.

Kuhusu ramani nitasema kwa kifupi, kwa sababu kila manga ya safari hutaka ramani ukurasa wa kwanza na wengi hubuni majina yasiyotamkika. Tibet ina ramani iliyokwisha kuchorwa. Katika masimulizi ya mfalme Songtsen Gampo wa karne ya 7, nchi nzima ni jike la zimwi lililolala chali, na likijigeuza kila kinachojengwa kinaanguka. Basi likapigiliwa misumari ya mahekalu: manne mabegani na nyongani, manne viwikoni na magotini, manne mikononi na miguuni, na Jokhang mjini Lhasa juu ya moyo wake, pale palipokuwa na ziwa lililofukiwa kwa udongo uliobebwa na mbuzi. Misumari miwili iko Bhutan hadi leo, Kyichu kule Paro kwenye mguu wa kushoto na Jampa kule Bumthang kwenye goti. Watu huingia kusali humo kila siku. Ukitaka safari ya vituo 13, iko hiyo. Ila kumbuka jambo moja ambalo wachoraji wa kiume hulipita haraka: zimwi lile halikuuawa. Limebanwa tu. Liko hai chini ya miguu ya shujaa wako ukurasa hadi ukurasa, na siku moja mtu atauliza lenyewe lilikosa nini.

Hapa niingize kichekesho cha kiufundi. Wabudha wa Tibet huzunguka mlima mtakatifu au hekalu wakiliweka mkono wa kulia. Wafuasi wa dini ya Bon huzunguka kinyume chake. Miaka ile manga za mwanzo zilipotafsiriwa Ulaya na Marekani, wachapishaji walikuwa wanazigeuza kurasa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto, maana za Kijapani huanzia kulia. Kila mhusika akawa wa kushoto. Sasa chora mahujaji wako vizuri wakiuzunguka mlima Kailash, kisha mchapishaji auigeuze ukurasa: umewabadilisha dini wote kwa usiku mmoja. Na Watibeti watakaousoma wataona kabla hawajasoma hata neno.

Mnasubiri Gesar. Najua. Gesar, mfalme shujaa wa nchi ya Ling, ana tendi kubwa mno, imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2009, na bado kuna waimbaji wanaosema hawakufundishwa na mtu. Walilala, wakaota, wakaamka nayo kifuani. Wengine huvaa kofia maalumu kabla ya kuimba, na wamo wanaotazama karatasi isiyo na maandishi wakaisoma. Katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni ya China walinyamazishwa; baadaye akina Drakpa na Samdrup wakaketi mbele ya vinasa sauti na kuimba kwa miaka. Ushauri wangu ni kwamba usiichukue yote. Mchoraji anayeanza na tendi nzima ya Gesar ni sawa na mtu anayetaka kuhamisha bahari kwa kata. Chukua Joru, yaani Gesar akiwa mtoto mchafu, mwenye kamasi, aliyefukuzwa pamoja na mama yake kwa fitina za mjomba Trothung, ambaye kijiji kizima kinamcheka mpaka siku ya mashindano ya farasi ambayo zawadi yake ni kiti cha ufalme na binti Drukmo. Hicho kisa wasomaji wa manga wanakijua hata kabla hujawaambia, kwa sababu nusu ya manga za vijana zimejengwa hivyo.

Au, kama una ujasiri, chukua kipande kisichofanana na manga yoyote. Gesar anakwenda kaskazini kumuua zimwi Lutsen, na anamuua kweli. Kisha mke wa zimwi anampa kinywaji cha kusahau. Shujaa anasahau. Miaka inapita anakula, analala, anacheka, na huku nyuma wafalme wa Hor wanaivamia Ling, wanamchukua Drukmo, na Gyatsa, kaka yake, anauawa vitani akiilinda nchi ambayo mwenyewe hayupo. Sura kadhaa ambazo mhusika mkuu ana furaha na msomaji anataka kumtingisha mabega. Gharama, tena, wanalipa waliobaki nyumbani.

Kuna anayeweza kudhani kwamba tunawapelekea Watibeti sanaa ngeni, hadithi za picha. Hapana. Walikuwako wasimulizi wa kutangatanga, lama manipa, waliotembea na turubai lililochorwa matukio ya kisa kizima, wakalitundika sokoni, wakawa wanaimba huku wakigusa tukio moja moja kwa fimbo. Watu walilia mbele ya turubai lile kwa habari za Nangsa, mwanamke aliyekufa na kurudi. Hiyo fimbo ndiyo jicho lako linalohama kutoka fremu hadi fremu.

Na Japani nayo si mgeni wa juzi. Mtawa Kawaguchi Ekai aliondoka kwao mwaka 1897 kutafuta maandiko ya Kibudha kwa Kitibeti, wakati wageni hawakuruhusiwa kuingia nchini humo. Akajifunza lugha Darjeeling, akapitia Nepal, mwaka 1900 akavuka milima peke yake na mizigo mgongoni, mwaka uliofuata akafika Lhasa akijifanya Mchina, akasoma kwenye monasteri ya Sera na kupata jina la tabibu. Siri ilipoanza kuvuja mwaka 1902 alikimbia. Safari ya kusisimua kabisa, na wengi huiishia hapo. Lakini wenyeji waliomkaribisha waliwekwa ndani. Kawaguchi alipopata habari alikwenda Nepal kumwomba mtawala wa huko awatetee. Kama ningekuwa nachora, ningeanzia hapo: shujaa amesharudi salama, ana maandiko yake, na barua inamfikia.

La mwisho ni kuhusu mwisho. Watibeti wana beyul, mabonde yaliyofichwa, ambayo inasemwa Padmasambhava, gwiji wa Kibudha, aliyafunga katika karne ya 8 ili yawe kimbilio nyakati mbaya. Hayafunguki kwa ramani. Lazima awepo mtu aliyepangiwa, wakati uliopangwa, na wenzake wawe na imani isiyo na ufa; mmoja akisita, theluji inaziba njia. Hili si la vitabuni tu. Mwaka 1962, miaka mitatu baada ya Dalai Lama kukimbilia India na maelfu ya watu nyuma yake, lama Tulshuk Lingpa aliwaongoza wafuasi zaidi ya 300 kwenye miteremko ya mlima Kangchenjunga, mpakani mwa Sikkim na Nepal, kufungua mlango wa beyul. Waliacha walichokuwa nacho, maana anayeingia harudi. Kule juu, kwenye barafu, maporomoko ya theluji yalimuua yeye.

Mhariri yeyote atakuambia manga haiwezi kuisha hivyo, msomaji amekufuata miaka mitatu, mpe mlango ufunguke. Mimi sikubaliani naye. Wapo waliosema baadaye kwamba mlango ulikuwepo, wenzao ndio walisita. Wapo walioshuka, wakatafuta kazi, wakalea watoto. Kuna sura nyingi tu za kuchora baada ya theluji kutulia. Nani alisita? Kila mmoja atakuwa na jina lake la kutaja, na kila mmoja, usiku, atajiuliza kama ni yeye.

Ukivitumia hivi, jina la hekaya liandike wazi mwanzoni mwa kitabu, na kama kuna Mtibeti wa kukusomea kurasa kabla hazijachapwa, mtafute, mlipe. Wapo India, wapo Nepal, wapo Ulaya, na wana wachoraji wao wenyewe. Ukiwaona kazi zao, zinunue.

Nimemaliza upande wangu. Kule nyuma kuna kijana ameinua mkono tangu nilipomtaja rolang na hajaushusha. Simama mdogo wangu, uliza.